Jiwe Ulilolibeba Ukaacha Unga

Mpendwa dada Rozalia,

Jiwe lako liko mbele yangu, juu ya gazeti, kwenye meza ya kibarazani hapa Madale. Usishtuke. Halijaibwa, wala sijalichukua kwa ubishi. Nilimwomba binti yako Fidea, akanipa bila kunitazama usoni, nikalifunga kwenye taulo na kupanda nalo bajaji kama mtu anayemrudisha mgonjwa nyumbani. Kwako Tandika watu wawili unaowapenda hawasalimiani, na kisa ni hili jiwe. Kabla sijalirudisha nimeona nikueleze wewe kwanza. Ndivyo tulivyozoea: mambo yangu yote yalifika kwako, kisha ndipo yakafika duniani.

Najua barua hii itasomwa na watu ambao hawakukujua. Kwa ajili yao nitaanza mbali kidogo, nawe unisahihishe nikikosea, kwa kuguna kama ilivyokuwa kawaida yako.

Mimi sikumbuki tulivyovuka Ruvuma. Watu wakinisikia nikisimulia hudhani nakumbuka. Ninachokumbuka ni wewe ukisimulia, umekaa kwenye kigoda, unamenya mihogo, na kisu kinasimama hewani kila unapofika mahali pagumu. Ulikuwa binti ambaye hajavunja ungo, mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa. Vita vilikuwa vimefika kijijini kwetu, kule ng'ambo ya mto, na majirani walikuwa wanaondoka. Mama alituambia tutangulie nao. Yeye alikwenda kumchukua bibi, ambaye miguu ilikuwa imekataa. Alisema atatukuta njiani.

Watu walibeba unga, chumvi, kuku waliofungwa miguu. Wewe ulirudi jikoni. Uji wa asubuhi ulikuwa umeshanywewa na moto umezimika, lakini mafiga yalikuwa bado na joto. Ukachukua moja kati ya yale matatu, lile dogo kuliko yote, ukalifunga kwenye kitambaa cha mama, ukanifunga mimi mgongoni, ukajitwika jiwe kichwani. Jirani mmoja akakuona, akacheka katikati ya hofu yake yote.

"We mtoto una wazimu? Wenzako wameokoa unga, wewe umeokoa jiwe! Huko tuendako hakuna mawe?"

Uliniambia miaka mingi baadaye ulichokuwa unafikiri: mama akitukuta, atainjika wapi sufuria? Mtoto huwaza hivyo. Kama figa la kwake lipo, jiko lake lipo, na kama jiko lake lipo, atakuja.

Hakuja. Hatukuwahi kusikia alikoishia, yeye wala bibi. Na wewe hukuwahi kulisema jambo hilo kwa machozi. Kila ulipofika kwa yule jirani na unga wake, ulijipiga paja: "Basi unga wao uko wapi sasa?" Na uani pote pakajaa kicheko.

Niseme lilivyo, maana nimezeeka na nimeishi kwa kuona vitu vidogo. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa msahihishaji wa chapa, mtu wa kutafuta nukta iliyopotea. Jiwe lenyewe ni kama nazi kubwa iliyofuliwa, refu kidogo upande mmoja, bapa upande wa kukalia. Ni zito kuliko linavyoonekana. Kila anayelinyanyua mara ya kwanza hushtuka mkono. Na lilikuwa jeusi tii. Sisi tulilijua kwa weusi wake.

Unakumbuka wenzake walivyokuwa wanakufa? Jiko linataka mafiga matatu, na wewe ulikuja na moja, kwa hiyo mawili ulikuwa unayaokota hapa hapa. Mwanzoni uliokota vipande vya matumbawe kwenye misingi ya nyumba za zamani. Vikikaa motoni vilikuwa vyeupe, vikamegeka, vikageuka chokaa chini ya sufuria. Ukajaribu tofali za saruji, zikapasuka. Ukajaribu kipande cha chuma cha gari, ukakitupa kwa sababu kilikuwa kinateleza. Uji wa wafanyakazi wa alfajiri, mihogo ya jioni, maharage ya misiba ya mtaa mzima, vyote vilipikwa juu ya figa moja la mama na mawili ya kuazima. Hata mtungi wa gesi ulipoingia nyumbani, ulisema gesi ni ya chai. Chakula kilibaki kwa kuni.

Na kulikuwa na lile jambo letu. Mtoto akizaliwa, kabla hajatolewa nje, ulipitisha kidole kwenye upande wa jiwe unaotazama moto, ukamgusa katikati ya paji la uso. "Bibi amekuona," ulisema. Basi. Hapakuwa na dua wala ngoma. Ulimgusa Fidea hivyo, na Benito, na wanangu. Ulimgusa Fidea tena alipokwenda shule ya bweni, akalia kwa sababu alikuwa amejipaka mafuta vizuri. Ulinigusa mimi asubuhi niliyokwenda kuomba kazi kiwandani kwa wachapaji. Msimamizi aliniangalia usoni, akaniuliza kama wino umenianza kabla ya ajira. Nikapata kazi. Ulidai sehemu ya sifa hadi nilipostaafu.

Kuliosha ulikataza. "Osheni masufuria, osheni sakafu, na mie mnioshe nikifa. Hilo msiliguse. Hayo ni masizi ya mama."

Tumekuosha, dada. Sasa nikwambie yaliyofuata.

Arobaini yako ilipokaribia, tulipata habari kwamba ndugu wanakuja kutoka Masasi na Newala. Shani, mke wa Benito wako, akajipa kazi ya jikoni. Unamjua Shani. Amelelewa Mbagala na mama wa Kizaramo ambaye kwake sufuria ni safi pale tu unapojiona uso kwenye kitako chake. Wewe mwenyewe ulikuwa unamtania kwamba akiachiwa usiku mmoja na mwezi atausugua mpaka utoboke. Kwake yeye, kumwachia mgeni chombo cheusi ni kumtukana marehemu. Alisugua masufuria yote. Alisugua mwiko. Kisha akakaa na karai, stilwaya, majivu na sabuni ya unga, tumbo likiwa tayari limemtangulia, akaanza kulisugua jiwe lako.

Nilikuwa pale uani, nachambua mchele na wazee wengine. Fidea akaingia kutoka sokoni na kikapu.

"Unafanya nini?"

"Nalisafisha, wifi. Wageni wanakuja."

"Shani. Unafanya nini?"

"Si ndo nakwambia..."

Fidea akaona maji ya kwenye karai. Yalikuwa meusi kama wino. Alipiga ukelele, dada, hata siku ya maziko hakupiga ukelele kama ule. Jiwe lilimponyoka Shani, likagonga ukingo wa saruji, kikaruka kipande kama ncha ya kidole gumba na kuangukia miguuni pangu.

"Umemmwaga bibi!"

"Wifi, mie sikujua. Wallahi sikujua."

"Mama alikuwa anakataza kila siku! Umekaa humu ndani miaka yote hiyo, masikio uliyaweka wapi?"

"Nilimsikia akiwakataza watoto. Nikajua anakataza wasilichezee, lisije likawaangukia. Mie nilitaka wageni wakute jiko la mama linang'aa."

"Linang'aa!" Fidea akachukua jiwe, akapitisha kidole upande wa moto, akamwonyesha. Kidole kilikuwa safi. "Na huyo uliye naye tumboni atazaliwa hajaonwa na mtu."

Laiti angelimeza neno hilo. Lakini lilitoka, na Shani akaliingiza ndani pamoja naye, akafunga mlango. Tangu siku ile wanapika majiko mawili katika uwanja mmoja. Fidea kwenye gesi jikoni, Shani kwenye jiko la mkaa mlangoni kwake. Mafiga yamekaa uani hayana moto. Benito anakula huku, kisha anakula na kule, asionekane ameegemea upande. Anazidi kunenepa kwa huzuni.

Mimi niliokota kile kipande. Nje kilikuwa cheusi. Ndani kilikuwa na rangi ya waridi, dada, kama ufizi wa mtoto mchanga. Maisha yetu yote tumepikia juu ya jiwe la waridi bila kujua.

Chumba changu cha nyuma nimempangisha Neema, binti wa kazi za miamba; akienda porini hurudi na mifuko mingi ya mawe kuliko ya nguo. Nilimwekea kipande mkononi alipokuwa anafungua geti.

"Shikamoo babu. Hii mmeitoa wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni wapi?"

"Ni figa."

Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Watu wanakata hereni kwa jiwe hili, nyie mnainjikia ugali! Niletee lote, babu. Mie nakuja na vitu vyangu."

Alivyolichunguza ungempenda. Hakusema kitu asichokipima. Alijaribu kukwangua sehemu ya waridi kwa kisu, kisu kikateleza na karibu kisiache alama. Akalipitisha jiwe kwenye kioo cha chupa, kioo kikachanika. Akachukua kipande cha jiwe jeupe la kwarzi, hicho ndicho kilicholishinda. Kwa hiyo ugumu wake, akasema, uko kati ya kisu na kwarzi. Akalisugua nyuma ya kigae: waridi ikaacha unga mweupe, weusi ukaacha unga mweusi. Akalipima kwa maji na mizani, na kukuta lina uzito wa kama mara tatu na nusu ya maji yanayojaza nafasi yake. Ndiyo sababu linashtua mkono. Akanionyesha mahali lilipovunjika, jinsi nyuso mbili ndogo zilivyokatika laini na kukutana karibu na pembe mraba. Mwisho akadondosha tindikali kwenye tumbawe la bustani yangu, likatoa povu. Akaidondosha kwenye jiwe lako. Kimya. Tone lilikaa tu, likatuangalia.

"Kuna dada yake anafanana naye rangi," akasema, "ila yule ni wa jamii ya chokaa. Yule angetoka povu, na motoni asingevumilia. Hili ni silikati ya manganizi. Linaitwa rodonaiti, maana yake jiwe la waridi. Jina kamili kabisa, babu, linahitaji mashine, maana siku hizi wataalamu wameligawa kufuatana na chembe gani imekaa kwenye kiti gani ndani yake. Mie kwa kisu na tindikali naishia hapo."

Nilimwomba anifundishe hiyo silikati ni kitu gani. Unanijua. Akatafuta mfano, akaangalia jiwe, akapata. Chembe ya silikoni, alisema, imezungukwa na oksijeni nne: tatu chini, moja juu yao. "Kama jiko la mafiga, babu. Matatu chini, sufuria juu, na silikoni ni moto, mdogo, katikati." Basi fikiria majiko ya namna hiyo yamepangwa mstari, kila jiko likichangia figa moja na jirani wa kulia na jingine na jirani wa kushoto. Hakuna aliye na jiko la peke yake. Mistari kwa mistari, na katikati ya mistari imekaa manganizi, ikiishikanisha. Hiyo manganizi ndiyo inayotia rangi ya waridi. Na haina ubaguzi: kalsiamu, chuma na magnesiamu zinapata nafasi humo, jiwe linabaki jiwe.

Nilifikiri Tandika, milango miwili, majiko mawili. Sikumwambia.

Kisha akaniambia neno lililonikaa. Liko kundi kubwa la mawe yenye mistari kama hiyo, linaitwa piroksini. Ndani ya mistari yao mpangilio unajirudia kila baada ya majiko mawili. Wa rodonaiti unajipinda, unajirudia baada ya majiko matano. Kwa hiyo ukilitazama kwa haraka utaliweka kwenye kundi lile, na wataalamu hawakubali. Wameliita piroksinoidi: linalofanana na piroksini, lakini siyo. Nilicheka, dada. Nikakumbuka tulivyofika Temeke, Wamakonde wa huku wakatuita watu wa ng'ambo, na juzijuzi kijana kutoka ng'ambo akaniambia lafudhi yangu ni ya huku. Umri wote huu tunaitwa kwa mfano wa jirani. Nililipapasa jiwe nikaliambia pole.

Hayo yalikuwa mepesi. Gumu lilikuwa masizi. Nilimweleza Neema kuhusu mama, kidole, watoto, karai. Alisikiliza bila kuangalia simu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Bibi Rozalia alikuwa anapikia hili kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

"Babu, masizi ni kaboni tupu. Kaboni inaungua. Figa likipata moto mkali, masizi ya jana yanaliwa na moto wa leo, halafu moto ukipoa yanakuja mengine. Hakuna masizi ya zamani kwenye jiko linalopika." Akaanza kufunga vifaa vyake. "Mie nasema ya jiwe tu. Samahani."

Nilikaa na maneno hayo jioni nzima. Maana yake ni kwamba masizi ya mama yaliisha siku ya kwanza ulipowasha moto katika nchi hii. Pengine uliyachoma ukipika uji wangu. Yale uliyokuwa unatupaka, ukisema bibi amekuona, hayakuwa yake. Yalikuwa ya kuni zako. Mtu aliyekuwa anatuona ni wewe.

Lakini ngoja, haijaisha. Asubuhi Neema alirudi na kioo chake cha kukuzia. Alikuwa ameona kitu. Shani amesugua kwa nguvu zake zote na masizi yametoka, sawa, ila jiwe bado ni jeusi. Weusi huo hautoki kwa stilwaya kwa sababu haukupakwa. Ni manganizi yenyewe. Ikikutana na hewa na maji miaka mingi, inashika oksijeni zaidi na uso wa jiwe unakuwa mweusi. Hilo hutokea kwa kila rodonaiti inayolala porini, na upande wa mgongo wa jiwe lako ndivyo ulivyo, ukoko mwembamba kama ganda la kitunguu.

"Sasa angalia huku," akasema, akanigeuzia upande wa moto. Huku weusi ni mnene. Una nyufa ndogo, na kupitia nyufa umeshuka ndani, mistari mieusi inaingia kwenye waridi kama mizizi. "Ukilipasha sana hewani linageuka kahawia, halafu jeusi. Huku limeiva, babu. Hili halijapakwa moto. Moto umeingia."

"Moto wa nani? Wa mama, au wa dada?"

"Hapo jiwe halisemi. Wa wote waliopika."

Basi hapo ndipo nilipofikia. Kesho nalirudisha Tandika. Sijui nitaanzaje. Ninaogopa kwamba nitaeleza kama mwalimu na Fidea ataondoka katikati. Kama upo mahali pa kusikia, nisogezee maneno.

*

Naendelea leo; nilirudi jana.

Niliwakuta kila mmoja mlangoni kwake. Nikaliweka jiwe mahali pake, kati ya yale mawili ya kuazima, nikaketi kwenye kigoda chako, nikaanza kueleza kwa sauti ya kuwafikia wote wawili, kama mtu anayesema na mafiga. Nilieleza waridi. Nilieleza povu. Nilipofika kwenye masizi, Fidea akakunja mikono.

"Kwa hiyo mjomba, mama alikuwa anatudanganya."

"Hakudanganya. Hata yeye hakujua."

"Na yale yaliyomwagwa?"

Nilikuwa nimeandaa sentensi nzuri, ikanipotea. Nikasema tu ilivyo. "Yalikuwa ya mama yako. Ya kuni za mwisho alizowasha. Ya ile mihogo."

Fidea alikaa chini, palepale kwenye saruji, akafunika uso kwa ncha ya khanga, na akalia kilio ambacho sote tulikuwa tunakisubiri tangu makaburini. Hakuwa analia kwa ajili ya bibi ambaye hakumwona kamwe. Na kule mlangoni nikasikia kilio cha pili.

"Basi mie nimemmwaga mama," Shani alikuwa anasema. "Bora angekuwa bibi, mie simjui. Nimemmwaga mama. Alinifundisha kupika chingugu, chakula cha kwao, alinipa khanga zake..."

Walilia hivyo, kila mmoja kwake. Mimi nilitazama miguu yangu. Kisha Fidea akapangusa pua.

"Na we nyamaza, utazaa kabla ya siku."

"Nitazaa tu, kuna mtu ashasema mtoto hajaonwa."

"Nilisema kwa uchungu. Hunijui nilivyo? Mama alikuambia mara ngapi mdomo wangu hauna mlango?"

"Kila siku alikuwa ananiambia."

"Haya." Fidea akainuka, akalishika jiwe. "Mjomba, umeliweka vibaya. Upande wa moto ni upi? Sasa hivi pande zote naona nyeusi."

Nilitaka kutoa miwani. Lakini Shani alikuwa ameshafika, ameshika kiuno, akainama kwa shida na kupapasa jiwe kwa kiganja, akiwa ametazama pembeni.

"Huu," akasema. "Huu nilisugua ukanishinda. Una nyufa."

Akaligeuza. Upande ulioiva ukaangalia ndani, kwenye moto, kama mama yetu na wewe mlivyouweka. Fidea akajifunga khanga kiunoni.

"Wifi, ugali hautaiva kwa kununa. Niletee kuni, mie nawasha."

Walipika ugali na mlenda na dagaa. Benito alirudi kutoka kazini, akaona moshi uani, akasimama getini kama mtu aliyepotea nyumba. Alikula mara moja tu. Alisema hajawahi kushiba hivyo tangu msiba.

Mtoto bado hajaja; Shani anasema ana uvivu wa upande wa baba. Masizi mapya yameanza, mepesi, hayajashika vizuri. Fidea amepiga marufuku mtu yeyote kuyagusa hadi mtoto mwenyewe atakapokuja. Nikamwuliza kama marufuku hiyo inamhusu na mzee anayesafiri. Akafikiri. Akapitisha kidole upande wa moto, kwa uangalifu, asichukue mengi, akanigusa kwenye paji la uso. Nilingoja aseme maneno yako. Akashindwa, na Shani ndiye aliyeyasema, kutoka nyuma ya sufuria, kwa lafudhi yake ya Mbagala.

"Mama amekuona."

Kile kipande cha waridi wamenipa nibaki nacho. Neema anasema kikiachwa nje, kwenye mvua na hewa, uso wake utaanza kuwa mweusi polepole. Nimekiweka kwenye ukuta wa kibaraza. Sina haraka.

Nilikuwa narudi jana, kwenye bajaji. Dereva alinitazama kwenye kioo mpaka tukapita mataa mawili, akakosa uvumilivu.

"Mzee wangu samahani, una masizi hapo usoni."

"Najua, mwanangu. Niachie."

Pumzika, dada. Jiko lako lina moto.

Mimi mdogo wako,
yule mzigo wa mgongoni.